Wamormoni: Jinsi neno la nabii linavyogeuka maandiko

KWA Wakristo walio wengi, Biblia ilikamilika karne nyingi zilizopita na hakuna mja awezaye kuiongeza kitabu. Kwa Waislamu, mlango wa unabii ulifungwa na Mtume Muhammad. Waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao wengi huwaita Wamormoni, wanashikilia kinyume cha hayo. Wao huamini kwamba nabii yu hai, ana makao yake Salt Lake City katika jimbo la Utah, Marekani, na kwamba Mungu angali anasema naye.

Imani hiyo ilianza na Joseph Smith, kijana wa shambani jimboni New York, aliyechapisha Kitabu cha Mormoni mwaka 1830. Alisema alikitafsiri kutoka kwa mabamba ya dhahabu aliyoelekezwa na malaika. Wapinzani wake walimwita laghai, na mnamo Juni 27, 1844 kundi la watu wenye silaha lilimuua katika jela ya Carthage, Illinois. Kufikia wakati huo alikuwa ametoa mafunuo mengi, ambayo sehemu kubwa imo katika kitabu cha Mafundisho na Maagano. Hicho, pamoja na Biblia, Kitabu cha Mormoni na Lulu ya Thamani Kuu, ndivyo vitabu vinne vitakatifu vya kanisa hilo.

Je, kila atamkalo nabii ni maandiko? La hasha. Ili neno liwe maandiko yanayowafunga waumini wote, desturi ni kwamba Urais wa Kwanza na Mitume Kumi na Wawili hulikubali kwanza, kisha huletwa mbele ya mkutano mkuu na waumini huombwa kuinua mikono kuliunga. Utaratibu huo waweza kuchukua muda mrefu ajabu. Ono alilopata Smith mwaka 1836 halikuingizwa katika maandiko hadi 1976, miaka 140 baadaye.

Mfano ujulikanao zaidi ni wa ndoa za wake wengi. Mwaka 1890, serikali ya Marekani ikiwa imekwisha kulibana kanisa kwa sheria ya kutwaa mali yake, Rais Wilford Woodruff alitangaza kwamba ndoa hizo zikome. Mkutano wa Oktoba mwaka huo ukaliidhinisha tangazo lake. Hata hivyo, ufunuo wa Smith ulioruhusu ndoa hizo haukufutwa. Ungali katika sehemu ya 132 ya Mafundisho na Maagano, kitabu kile kile chenye tangazo la kuzikomesha.

Lakini suala linalomgusa Mwafrika ni jingine. Katika kanisa hilo, ukuhani si wa wachungaji waliosomea kazi hiyo. Kwa kawaida kila mwanamume muumini hupewa. Mwanamume mweusi, Elijah Abel, aliupata mwaka 1836. Mnamo 1852, Brigham Young, aliyemrithi Smith, alitangaza kwamba watu weusi wasipewe. Kwa miaka 126 wanaume weusi walinyimwa ukuhani, na wao pamoja na wanawake weusi wakanyimwa ibada kuu za hekaluni.

Ajabu ni kwamba katazo hilo halikuletwa kamwe mbele ya waumini kama ufunuo wa kupigiwa kura. Lilitoka kinywani mwa kiongozi, likarudiwa na waliomfuata, likatafutiwa sababu, hadi likawa na nguvu kama ya maandiko. Kuliondoa ndiko kulikohitaji ufunuo: Juni 1978, Rais Spencer W. Kimball alitangaza kwamba kila mwanamume anayestahili angepewa ukuhani bila kujali rangi, na mnamo Septemba 30 waumini wakainua mikono. Mwaka 2013 kanisa lilikiri kwamba kumbukumbu zake hazionyeshi wazi chimbuko la desturi hiyo, likazikana nadharia zilizotumiwa kuitetea.

Bila tangazo hilo, ni vigumu kufikiria kanisa hilo likistawi Afrika. Lilisajiliwa Kenya mwaka 1991, na Mei 2025 hekalu lake la Nairobi likawekwa wakfu.

Swali la mpaka kati ya sera na ufunuo halijakwisha. Novemba 2015, kanisa lilizuia watoto wa wazazi wanaoishi katika ndoa za jinsia moja kubatizwa utotoni. Mapema 2016, Russell M. Nelson, wakati huo akiwa kiongozi wa Mitume Kumi na Wawili, alieleza kwamba uamuzi huo ulitokana na ufunuo. Aprili 2019, akiwa sasa rais wa kanisa, ukaondolewa. Haukuwa umepigiwa kura na mkutano wowote.

Nabii wa Wamormoni hachaguliwi kwa kampeni. Rais anapofariki, mtume aliyetumikia muda mrefu zaidi ndiye humrithi. Nelson alipofariki Septemba 2025 akiwa na umri wa miaka 101, Dallin H. Oaks, aliyepata kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Utah, alishika nafasi hiyo mwezi uliofuata. Alikuwa na miaka 93.