Mashine ya CNC Haitaki Kompyuta Yenye Mbio

Mwambie muuzaji wa kompyuta za mtumba pale Kariakoo kwamba unatafuta ya kuendeshea mashine ya CNC uliyojiundia, naye atakushushia ile yenye prosesa mpya na RAM kubwa kuliko zote zilizo dukani. Hana nia mbaya. Kwa mhariri wa video au mchora ramani za majengo, huo ni ushauri mzuri. Kwako unaweza kuwa hasara tupu, kwa sababu kazi utakayoipa kompyuta hiyo ni nyepesi mno kwa hesabu na ngumu mno kwa wakati.

Tuanze na kazi yenyewe. Mashine nyingi za kujiundia, zile za kuchonga milango, vibao vya matangazo na paneli za makabati, huendeshwa na stepa mota. Mota ya kawaida ya aina hiyo hukamilisha mzunguko mmoja kwa hatua 200. Draiva yake ikipangwa kuigawa kila hatua mara nane, mzunguko unakuwa na hatua 1,600. Tuseme mota inazungusha skrubu ndefu inayosogeza meza milimita 5 kwa kila mzunguko: hapo milimita moja ina hatua 320. Ukitaka meza itembee milimita 3,000 kwa dakika, yaani milimita 50 kwa sekunde, mota inadai mapigo 16,000 ya umeme kila sekunde. Hiyo ni pigo moja kila mikrosekunde 62 na nusu, na mikrosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sekunde.

Katika mpangilio wa kizamani, ambao hadi leo ndio wenye vifaa vichache kuliko yote, mapigo hayo hutengenezwa na kompyuta yenyewe. Programu inasoma faili la G-code, inapiga hesabu ya njia, kisha inapandisha na kushusha volti kwenye pini za tundu la printa: pini moja ya hatua, nyingine ya mwelekeo, kwa kila mota. Hesabu hiyo si mzigo hata kwa prosesa ya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Shida ni kwamba kompyuta ya kawaida imezoea kushika mambo mengi kwa zamu. Inafanana na mpiga ngoma mwenye mikono myepesi ambaye kila baada ya muda anageuka kusalimia wageni. Kasi anayo, lakini wachezaji watajikwaa tu.

Pigo likichelewa kwa mikrosekunde 100 katika mfano wetu, pengo linazidi nafasi ya hatua nzima, na mapigo yanayofuata huja yamebanana. Mota iliyo kwenye mwendo mkali haiwezi kushtuka na kufidia. Inanguruma, inakwama, inapoteza hatua. Na mashine hizi kwa kawaida hazina kifaa cha kupima meza ilipo hasa. Programu inaendelea kuamini kwamba kila hatua iliyoamriwa imetimizwa, na skrini inaonyesha namba safi kabisa. Utakuja kugundua mwishoni, pale tundu la bawaba litakapokuwa limehama milimita mbili kwenye ubao wa mninga ulioulipia kwa fedha zako.

Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji si GHz ngapi. Ni hili: kompyuta hii ikichelewa, inachelewa kwa muda gani kupita wote?

Jibu lake lina sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni mfumo endeshi, na hiyo ina dawa. LinuxCNC, programu ya bure iliyotokana na kazi ya taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, miaka ya 1990, hutumia kerneli ya Linux iliyorekebishwa ili kazi ya mapigo ipite mbele ya nyingine zote. Zamani marekebisho hayo yalikuwa yanabandikwa kutoka nje. Mwaka 2024, toleo la Linux 6.12 liliyapokea rasmi yale yanayoitwa PREEMPT_RT, baada ya takribani miaka 20 ya kazi.

Sababu ya pili ndiyo inayowavunja watu moyo, maana imejificha chini ya mfumo endeshi. Bodi nyingi zina programu za ndani ya BIOS zinazoweza kuisimamisha prosesa bila kuomba ruhusa, ili kupima joto, kudhibiti feni, kuangalia betri au kuifanya kibodi ya USB ionekane kama ya kizamani. Linux haijui hata kwamba ilisimamishwa. Inazinduka tu na kukuta muda umepita. Laptopu ndizo zinazoongoza kwa tabia hii, kwa kuwa kuhifadhi chaji ndiyo kazi zilizoundwa kuifanya. Ndiyo maana nasema bila kuzungukazunguka: usitumie laptopu kutoa mapigo kupitia tundu la printa, hata kama tundu lipo na hata kama laptopu umepewa bure.

Hapo ndipo unyonge unapogeuka sifa. Miongoni mwa watu wa LinuxCNC, bodi ndogo za Intel kama D510MO na D525MW zilijipatia jina zuri kuliko kompyuta za ofisini zilizozizidi nguvu mara kadhaa. Prosesa zake za Atom ni dhaifu, kuvinjari intaneti kwa hizo ni mateso, lakini michelewo yake ni midogo na haibadilikibadiliki. Zinatoa joto kidogo pia: Intel iliikadiria D525 kwa wati 13, wakati Pentium 4 za mwishomwisho zilifika wati 115. Karakana yenye unga wa MDF hewani haitaki feni kubwa inayovuta upepo kutwa nzima. Bodi hizo leo hazipatikani kirahisi, ila somo lake linabaki. Kompyuta za mezani za ofisi zenye Core 2 Duo au zilizofuata mara baada yake, ambazo zimejaa kwenye maduka ya mtumba, ni mahali pazuri pa kuanzia. Hakikisha prosesa ni ya biti 64, vinginevyo utarudishwa kwenye matoleo ya zamani ya LinuxCNC.

Lakini usinunue kwa jina wala kwa modeli. Pima. Pakua LinuxCNC nyumbani, iandike kwenye flashi, nenda nayo dukani na uombe kuwasha kompyuta kwa flashi hiyo bila kugusa diski yake. Ndani yake kuna programu ndogo iitwayo latency-test. Ikifunguka utaona mistari miwili, mmoja wa kazi ya kila mikrosekunde 25 na mwingine wa kazi ya kila milisekunde moja, na safu ya namba zinazohesabiwa kwa nanosekunde. Safu ya kuangalia ni ile ya mchelewo mkubwa kuliko wote uliowahi kutokea. Ukiiacha kompyuta imetulia, namba itakuwa nzuri na itakudanganya. Itese. Fungua madirisha mengi na uyaburute huku na huko, cheza video, nakili mafaili makubwa, chomeka na kuchomoa flashi nyingine. Muuzaji atakushangaa, mwache ashangae. Dakika 15 zinatosha kwa uamuzi wa awali, ingawa mwenye subira huiacha saa kadhaa akishafika nyumbani.

Namba ya juu kabisa ikibaki chini ya nanosekunde 20,000, yaani mikrosekunde 20, umepata kompyuta. Kati ya 30 na 50 bado inafaa, ila mashine italazimika kutembea polepole zaidi. Ikifika 100, iache hapohapo kwa kazi hii. Ikipita milisekunde nzima, haifai kwa LinuxCNC ya namna yoyote ile.

Namba ya katikati haimaanishi kwamba mambo yameisha. Ingia BIOS uzime mipangilio ya kuokoa umeme, ile ya kupunguza kasi ya prosesa ikiwa haina kazi, na ya kugawa kiini kimoja cha prosesa viwili. Zima sauti na vifaa usivyotumia. Kama picha ya skrini inatoka kwenye bodi yenyewe, inakula RAM ileile ya kompyuta, hivyo kadi ya picha ya bei ndogo wakati mwingine hushusha mchelewo kwa kiasi cha kukushangaza. Wakati mwingine haibadilishi kitu. Ndiyo maana ya kupima tena baada ya kila badiliko.

Sasa tundu lenyewe. Geuza kompyuta nyuma utafute soketi pana yenye vitobo 25, mara nyingi ya rangi ya damu ya mzee. Ile ya bluu yenye vitobo 15 ni ya skrini. Pini 2 hadi 9, pamoja na 1, 14, 16 na 17, hutoa ishara, jumla 12. Pini 10 hadi 13 na 15 hupokea, jumla tano. 18 hadi 25 ni za ardhi. Mota tatu zinakula pini sita za kutoa, kwa hiyo inabaki nafasi ya kuwasha spindeli, na zile za kupokea zinatosha swichi za mwisho wa mwendo na kitufe cha dharura. Baadhi ya kompyuta za ofisi hazina soketi nje lakini bodi ina safu ya pini ndani yenye maandishi LPT; waya wa kuitoa nje ni kitu kidogo. Kadi ya kuchomeka kwenye PCI inafaa pia, ukishajua anwani yake, kwani haitakuwa 0x378 iliyozoeleka. Kisichofaa ni waya wa kugeuza USB kuwa tundu la printa. Ule ulitengenezwa kwa ajili ya printa, hutuma data kwa mafungu, na programu ya CNC haiwezi kuigusa pini moja moja kwa wakati inaoutaka.

Pima na volti. Matundu mengi ya zamani hutoa 5, mengine 3.3 tu, na kuna bodi za kuunganishia draiva ambazo haziisomi 3.3 vizuri. Nunua bodi yenye optokapla, ili hitilafu ya upande wa mota isiunguze kompyuta.

Mwili wa kompyuta hauhitaji maneno mengi. Fungua kasha uangalie kapasita zilizo karibu na prosesa: zilizovimba juu au kuvuja ni dalili ya kuiacha, na bodi nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 ziliumwa ugonjwa huo. Badilisha betri ya saa. Weka SSD badala ya diski inayozunguka. RAM ya GB 2 inakutosha.

Wapo wanaoipenda Mach3, na ni programu iliyotengeneza samani nyingi duniani. Kwa tundu la printa inadai Windows ya biti 32, XP au 7. Kwenye biti 64 draiva yake haifanyi kazi. Mifumo hiyo haipati tena marekebisho ya usalama kutoka Microsoft, XP tangu 2014 na 7 tangu 2020, basi kompyuta hiyo isiunganishwe na intaneti kabisa. Toleo la bure la Mach3 hukomea mistari 500 ya G-code, ambayo ua moja la kuchongwa linaimaliza.

Je, kama hujapata kompyuta yenye namba nzuri? Usizunguke maduka mwezi mzima. Bodi ya Arduino Uno yenye programu ya GRBL hutoa hadi mapigo 30,000 kwa sekunde, na saa yake ya MHz 16 haina mtu wa kuisumbua. Hapo kompyuta inabaki mtumaji wa mistari ya G-code kwa USB, na laptopu niliyokukataza sasa inaruhusiwa. Kwa mwenye mashine mpya ya mota tatu, asiye na kompyuta yenye tundu la printa nyumbani, nashauri njia hii moja kwa moja. Tundu la printa linamfaa anayetaka uwezo wa LinuxCNC wenyewe, au ambaye tayari ana kompyuta nzima stoo.

Ukilichagua, shika utaratibu wa kuwasha. Kompyuta inapoamka, pini za tundu hupanda na kushuka ovyo kabla programu haijazishika, na spindeli iliyounganishwa hapo inaweza kuanza kuzunguka wakati mkono wako uko mezani. Washa kompyuta kwanza, subiri programu ifunguke, ndipo uwashe umeme wa draiva na spindeli. Wakati wa kuzima, kompyuta iwe ya mwisho. Na kitufe cha dharura kisiishie kwenye pini ya kupokea peke yake. Kifungwe kwenye kontakta inayokata umeme wa mota na spindeli, ili kifanye kazi hata kompyuta ikiwa imeganda.