UDONGO UUWAHI UNGALI MAJI



Mimi ni mwalimu wa chuo hapa Momela, chini ya Mlima Meru, na kwa muda wa miaka 25 kazi yangu imekuwa kuwasomesha watoto Kurani. Leo sikukusudia kuwasomesha ninyi, bali kuwaeleza jinsi mimi mwenyewe nilivyosomeshwa katika utu uzima wangu, tena na bibi kizee mfinyanzi wa kisiwa cha Pemba.

Lakini kisa hiki hakikuanzia Pemba. Kilianzia mlangoni mwa chuo changu wakati wa masika. Mtoto mmoja wa miaka tisa alikuja kusoma mikono imemjaa tope, na ndani ya mfuko wa juzuu yake mlikuwa na ng'ombe wanne wa udongo, mmoja ana nundu na pembe zilizopinda vizuri. Watoto wa huku kwetu hufinyanga ng'ombe tangu wanapojua kukaa. Wanaona ng'ombe wakipita asubuhi na jioni, na udongo uko miguuni mwao. Mimi siku ile sikuona ng'ombe wala sikuona mtoto. Niliona sanamu. Nikamkemea mbele ya wenziwe, nikawachukua wale ng'ombe nikawatupa uani penye mvua, wakayeyuka sote tukiwatazama. Mtoto hakulia. Kesho yake hakuja chuoni, wala juma lililofuata hakuja. Nikasema moyoni mwangu kwamba huyo ni mtoro, nikaendelea na wengine.

Baada ya miezi michache nikapata mwaliko wa arusi kutoka kwa rafiki yangu tuliyesoma pamoja zamani, ambaye ni mtu wa Wete. Nilisafiri kwa basi hadi Tanga, nikapanda meli, nikashuka Mkoani kisiwani Pemba. Mtu atokaye Momela, ambako asubuhi twavaa makoti na ardhi yetu ni majivu meusi ya mlima wa moto, hustaajabu sana kuiona Pemba: vilima vya mikarafuu, mabonde ya mpunga, na joto lenye unyevu. Arusi ilikwisha salama, na mwenyeji wangu akaniomba nibaki siku kumi.

Shangazi yake rafiki yangu ni mfinyanzi, naye alijifunza kazi hiyo kwa mamake. Siku ile tulipokwenda kumwamkia tulimkuta uani, yeye na binti wawili wa mtaa anaowafundisha. Nikamwambia, "Shikamoo, Bi Mkubwa." Akaitikia, akanitazama mikono, akasema, "Mwalimu, mikono yako laini kama ya mtoto mchanga. Kaa hapa ujaribu." Rafiki yangu akacheka. Mimi nikakaa, kwani mgeni hakatai.

Sikilizeni sasa jinsi kazi hiyo ilivyo, maana wengi twala katika chungu wala hatujui kilivyozaliwa. Udongo wa mfinyanzi si kila udongo. Huchimbwa bondeni, penye udongo mzito wenye kunata, kisha huanikwa, huchambuliwa mawe na mizizi, hupondwa, hutiwa maji na mchanga kidogo ili usipasuke, na hukandwa kama unga wa mkate. Wafinyanzi wetu wa Afrika Mashariki, ambao wengi wao ni wanawake, hawatumii gurudumu kama wa nchi nyingine. Mkono ndio gurudumu. Mfinyanzi hufanya kitako kwanza, kisha huviringa udongo kuwa mikia mirefu na kuizungusha mmoja juu ya mwingine, huku akiibana kwa vidole mpaka isijulikane mwisho wa huu na mwanzo wa ule. Ndani hukwangua kwa kipande cha kifuu au kombe la pwani, na nje husugua kwa kijiwe laini.

Mimi niliona kuchambua mawe ni kazi ya kuchosha. Nikachambua kidogo tu, kisha nikafanya haraka nifikie kufinyanga. Mara ya kwanza ukuta wa chungu changu uliinama kama mlevi. Nikaupiga kofi ili usimame, ukaanguka wote. Bi Mkubwa akasema, "Usiupige, mwanangu. Udongo haujui hasira. Lowesha mkono, uushike ndani na nje, uusubiri." Mara ya pili ukaanguka tena. Mara ya tatu, baada ya alasiri, nikapata kitu ambacho mtu mwenye huruma angeweza kukiita chungu. Wale binti wawili walijizuia kucheka kwa adabu kubwa.

Tulipokuwa tukifanya kazi, Bi Mkubwa akaniuliza, "Watoto wa kwenu Meru wafinyanga nini?" Nikamjibu kwamba wafinyanga ng'ombe, nikamsimulia habari ya yule mtoto, nikidhani atanisifu kwa kuilinda dini. Akanyamaza kitambo, mikono yake ikiendelea kuzunguka. Kisha akauliza, "Na wale ng'ombe walikwenda wapi?" Nikasema, "Waliyeyuka kwa mvua." Akasema, "Basi udongo umerudi kwa mamake, huo hauna neno. Na mtoto naye alikwenda wapi?" Sikuwa na jawabu.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nikijua, tena nimewahi kuifundisha, ile hadithi iliyopokewa na Abu Daud, ya kwamba Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na vitu vyake vya kuchezea, na miongoni mwavyo alikuwamo farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Mtume (S.A.W.) alipomwona alimwuliza habari zake. Bibi Aisha akamkumbusha kwamba Nabii Suleiman alikuwa na farasi wenye mbawa, naye Mtume akacheka hata magego yake yakaonekana. Ni kweli kwamba wanavyuoni wamekataza masanamu ya viumbe vyenye roho, na makatazo hayo si jambo la mzaha. Lakini wengi wao wamevitoa katika makatazo hayo vitu vya kuchezea watoto, kwa hadithi hii na nyingine mfano wake. Elimu hiyo ilikuwamo kifuani mwangu siku ile ya mvua. Kilichosema siku ile kilikuwa hasira, nacho kikavaa kilemba cha elimu.

Basi chungu changu kikakaa kivulini siku sita pamoja na vyungu vya wenzangu. Hakianikwi juani kwa haraka, kwa sababu upande mmoja ukikauka kabla ya mwingine kitapasuka. Siku ya saba tukavichoma. Hakuna tanuri: vyungu hupangwa chini, hufunikwa kwa makumbi ya nazi, makuti na kuni, kisha hutiwa moto. Maji yaliyofichika ndani ya udongo hugeuka mvuke na kutafuta njia ya kutoka. Joto likipita kiasi cha digrii 600, udongo hubadilika tabia yake kabisa, hata ukiutia majini mwaka mzima hauwi tope tena.

Hapa nilikumbuka jambo katika fikihi yetu ya Kishafii. Mwenye kutayamamu hutumia mchanga safi wenye vumbi. Na Imamu Nawawi ameeleza katika Minhaji kwamba vigae vilivyosagwa havifai kutayamamia, hata vikiwa laini kama vumbi, kwa kuwa moto umevitoa katika jina la udongo. Mas'ala hayo nimeyasoma tangu ujana wangu, lakini maana yake niliiona siku ile kwa macho. Hali kadhalika kulateni, ile kadiri ya maji mengi ambayo hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi ila yakibadilika rangi, ladha au harufu. Kila mwanafunzi wa chuo anaijua kulateni, na wachache hukumbuka kwamba kula ni mtungi mkubwa wa udongo, na kwamba kulateni ni mitungi miwili, ambayo wanavyuoni wameikadiria kwa takriban ratili 500 za Baghdadi. Sheria yetu ya tahara imepimwa kwa kazi ya mfinyanzi.

Moto ulipozimika na vyungu kupoa, Bi Mkubwa alivigonga kimoja kimoja kwa kidole. Kizima hulia kama kengele ndogo, chenye ufa hutoa sauti butu. Nikakumbuka Sura ya Ar-Rahman, aya ya 14, ambamo Mwenyezi Mungu ametujulisha kwamba mwanadamu ameumbwa kwa udongo mkavu unaolia mfano wa vyombo vya mfinyanzi. Chungu changu hakikulia kamwe, kwani kilikuwa vipande vitatu. Bi Mkubwa akakiokota kipande kimoja, akanionyesha katikati yake kijiwe kidogo, si kikubwa kuliko punje ya mtama. Akasema, "Usiulaumu moto. Jiwe hili ulilitia wewe."

Kigae hicho nimekuja nacho Momela. Kipo juu ya rafu pamoja na vitabu vyangu.

Ndugu Waislamu, msidhani kazi hii ni duni. Huko Tumbe, kaskazini ya Pemba, wachimbaji wa mambo ya kale, Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher, walifukua mwanzoni mwa karne hii ya 21 mji wa watu walioishi tangu karne ya 7 hadi ya 10. Walipata vigae vilivyotoka nchi za Ghuba ya Uajemi, lakini vigae vilivyofinyangwa na wenyeji ndivyo vilivyo vingi mno. Vyungu vya zama hizo, vilivyochorwa pembetatu mabegani, vimeonekana tangu pwani ya Kenya hadi Kilwa na visiwa vya Ngazija. Kwa hiyo wazee wetu wa pwani, kabla ya kujenga misikiti ya mawe ya Chwaka na Ras Mkumbuu, walijulikana kwa mikono ya mama zao wafinyanzi.

Na katika dini yetu kazi ya mkono ni heshima. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba hakuna chakula bora kuliko kile mtu alichokichuma kwa mkono wake, na kwamba Nabii Daudi alikula kwa kazi ya mkono wake, na Nabii Zakaria alikuwa seremala. Lakini leo sufuria na ndoo za plastiki zimejaa kila nyumba, na mfinyanzi hupata fedha kidogo kwa jasho jingi. Wahenga walisema, mfinyanzi hulia gaeni. Vinavyonunuliwa zaidi ni vyetezo vya kufukizia udi, vyungu vya kupikia samaki wa nazi, na mitungi. Wale binti wawili waliniambia kwamba wenzao huwacheka. Kijana anayesoma haya asiwe miongoni mwa wachekaji.

Kwa akina mama wa huku kwetu nina neno la nasaha. Mtungi hupoza maji kwa sababu maji hupenya kidogo kidogo katika ukuta wake na kukauka kwa nje, na jambo hilo huondoa joto. Lakini maji baridi si lazima yawe maji salama. Maji mengi ya pande za Meru yana madini ya floridi kupita kiasi cha miligramu moja na nusu kwa lita, ambacho ndicho kiasi kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, na hayo ndiyo yanayowatia watoto wetu meno ya rangi ya kahawia na kudhuru mifupa yao. Mtungi hauyaondoi, na kuyachemsha maji hakuyaondoi. Kituo cha Ngurdoto, jirani yetu, kimefanya kazi ya kuyachuja kwa mkaa wa mifupa. Basi tafuteni kwanza maji mema, kisha myatie mtungini.

Niliporudi Momela sikungoja Ijumaa. Nilikwenda nyumbani kwa yule mtoto, nikamkuta babake akikata majani ya ng'ombe. Nikamwomba radhi baba, kisha nikamwomba radhi mtoto mbele ya babake. Ulimi wangu ulikuwa mzito, kwani sikuwahi kumwomba radhi mwanafunzi. Mtoto alitazama chini, hakusema neno. Nikamwonyesha kile kigae cha Pemba, nikamweleza habari ya jiwe. Akakishika, akakigeuzageuza, akanirudishia. Nikaondoka nikidhani nimechelewa, na kwamba moto umekwisha kupita.

Siku ya nne alikuja chuoni. Alikaa karibu na mlango, mahali ambapo mtu hukaa akitaka kutoka upesi. Sasa ni miezi mitatu, naye yumo katika Sura ya An-Nabai, na amesogea mikeka miwili mbele. Kila Alhamisi baada ya somo watoto hunawa mikono, huweka juzuu zao mahali pa juu, kisha huenda uani kufinyanga. Yeye ndiye mwalimu wao katika kazi hiyo, na mimi hukaa nao nikichambua mawe.

Wazazi na walimu wenzangu, mtoto hukaa mikononi mwetu muda mfupi tu akiwa udongo mbichi. Tukimharibu leo, twaweza kulowesha mkono na kumtengeneza tena. Akiisha kupita motoni, tutabaki na vigae na majuto. Udongo uuwahi ungali maji.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azilainishe nyoyo zetu, awaongoze watoto wetu, ambariki mfinyanzi yule na kila ale kwa jasho lake. Amin.