Siku ya Matokeo: Mtoto Haogopi Alama, Anaogopa Macho

Saa nane mchana, katikati ya Julai. Kundi la WhatsApp la ukoo, lililokuwa kimya tangu arobaini ya bibi, linaamka ghafla: "Matokeo ya kidato cha sita yametoka!" Haipiti dakika mbili, baba mkubwa anaandika kutoka Mwanza: "Namba ya mtihani ya kijana ni ipi? Nimwangalizie." Shangazi anaweka alama za mikono ya dua, nne kwa mpigo. Mama mtu yuko dukani kwake anampimia mteja sukari robo. Simu inatetemeka juu ya kaunta, mkono nao unatetemeka, sukari inamwagikia nje ya mfuko. Kijana mwenyewe hana habari. Yuko kambini Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kwa mujibu wa sheria, anapiga kwata.

Kila mwaka nyumba nyingi nchini hupitia mchana wa namna hii. Tunauzungumzia kwa lugha ya alama: kapata wani, kapata tuu, kapata ziro. Lakini ukiwauliza wanasayansi wanaopima homoni na jasho la binadamu, watakuambia kwamba mwili wa kijana haulisomi daraja kama tunavyolisoma sisi. Unasoma mambo mawili: nani ananitazama, na je, nina la kufanya?

Nyoka chini ya jiwe

Tuanze na siku za kungoja, maana huko ndiko mwili unakochoka kwanza. Mwaka 2016 watafiti wa University College London waliwakalisha watu 45 mbele ya kompyuta na kuwaonyesha mawe kwenye skrini. Kazi ilikuwa kukisia kama chini ya jiwe kuna nyoka. Nyoka akiwepo, mshiriki alipigwa shoti ya umeme mkononi, yenye kuuma kweli. Watafiti walipima jasho la ngozi na upana wa mboni za macho, na wakawauliza washiriki wana wasiwasi kiasi gani.

Mtu angedhani walioteseka zaidi ni waliojua kwamba shoti lazima ije. Sivyo. Wasiwasi ulifika kileleni pale uwezekano ulipokuwa nusu kwa nusu. Aliyejua kwamba ataumia alitulia kuliko aliyekuwa hajui.

Mtahiniwa wa kidato cha sita anamaliza mtihani Mei, matokeo yanatoka Julai. Kwa wiki hizo zote anakaa juu ya jiwe lake. Ukimwona mkali bila sababu, analala mchana na kukesha usiku, usikimbilie kusema ana kiburi. Na ule usemi wetu wa kila siku, "Sijui utatuletea nini safari hii," haumwandai kwa lolote. Unamkumbusha nyoka tu.

Kikao cha ukoo ndani ya maabara

Mtu akitishika, ubongo hutuma ujumbe hadi kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, nazo humwaga homoni iitwayo kotisoli kwenye damu. Kotisoli si adui. Humwamsha mtu na kumpa nguvu ya kukabili jambo. Ikizidi na kudumu ndipo inapoharibu usingizi na kumbukumbu.

Wanasayansi wakitaka kuipandisha homoni hiyo kwa makusudi, hutumia jaribio lililotengenezwa mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani. Mtu anapewa dakika chache ajiandae, kisha anasimama mbele ya jopo la watu wasiotabasamu na kutoa hotuba ya kujieleza. Akimaliza anaambiwa ahesabu kwa sauti kurudi nyuma kutoka 1,022, akitoa 13 kila mara; akikosea anaanza upya. Hakuna kipigo, hakuna shoti, lakini kotisoli inapanda. Msomaji aliyewahi kuitwa sebuleni kueleza mbele ya baba wadogo na wajomba kwa nini amepata D ya hesabu atalitambua jaribio hili. Tumelifanya majumbani miaka mingi kabla ya Wajerumani, tena bila kulipwa.

Mwaka 2004 Sally Dickerson na Margaret Kemeny, wa Chuo Kikuu cha California, walizikusanya tafiti 208 za maabara wajue ni msukosuko wa aina gani hasa unaopandisha kotisoli. Kazi ngumu peke yake haikutosha. Homoni ilipanda zaidi, na ikachelewa zaidi kushuka, mahali mambo mawili yalipokutana: mtu anahukumiwa na wenzake, na hana uwezo wa kubadili kinachotokea.

Siku ya matokeo ina yote mawili. Mtihani umeshafanyika, haurudiwi leo. Na macho yamejaa. Tovuti ya Baraza la Mitihani, NECTA, haiandiki jina la mtahiniwa, inaandika namba, ile inayoanza na S kwa wa shule au P kwa wa kujitegemea. Lakini yeyote anayeijua namba anaona kila kitu: daraja, pointi, na alama ya kila somo. Baraza lenyewe limepunguza jukwaa. Tangu matokeo ya kidato cha nne ya Januari 2023 liliacha kutangaza wanafunzi na shule kumi bora. Ukoo ndio bado unajenga jukwaa, kwa swali moja tu: "Namba ni ipi?"

Sauti ya mama, na mahali inapoishia

Je, mzazi anaweza kuishusha kotisoli hiyo? Katika Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison, Leslie Seltzer na wenzake waliwapa wasichana wa miaka 7 hadi 12 jaribio la hotuba na hesabu, halafu wakawagawa. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2010, waliokumbatiwa na mama zao walitulia, na waliosikia sauti ya mama kwa simu nao walitulia karibu sawa: kotisoli ilishuka, na oksitosini, homoni ya ukaribu, ikapanda. Mwaka 2012 waliongeza kundi jingine, watoto waliochati na mama zao kwa maandishi. Hao miili yao ilibaki kama ya watoto ambao hawakuwasiliana na mama kabisa. Maneno yanaweza kuwa yaleyale. Kilichokosekana ni sauti.

Kwa mzazi ambaye mwanawe yuko kambini au bwenini, hilo ni jambo la kushika. Habari ya matokeo isimfikie kwa picha ya skrini. Akipata nafasi ya simu, hata ya dakika tatu, apigiwe.

Ila tusijidanganye. Wale walikuwa watoto wadogo. Camelia Hostinar na wenzake, katika utafiti wa Minnesota uliochapishwa mwaka 2015, walilinganisha watoto wa miaka 9 na 10 na vijana wa miaka 15 na 16. Wote walipewa hotuba ya kuandaa, wengine wakiwa na mzazi, wengine wakiwa na mtu wasiyemjua. Kwa watoto, msaada wa mzazi ulizuia kotisoli isipande. Kwa vijana haukuzuia.

Wazazi wengi wa vijana wanalijua hili bila kupima homoni. Juzi tu ulikuwa unampakata akilia, ananyamaza. Leo unakaa kando yake kitandani, anageukia ukutani. Hajaacha kukupenda. Ubongo wake uko katika miaka ya kuhama nyumba ya wazazi kwenda kwenye dunia ya wenzake, na sehemu ya mbele ya ubongo, inayopanga na kupima mambo, itaendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Kwa umri huu, kukaa karibu hakutoshi. Inabidi mzazi ayashike mambo yale mawili ya Dickerson na Kemeny: apunguze macho, na amrudishie kijana usukani.

Kupunguza macho

Kazi hii ni ya siku moja au mbili, na ni mzazi peke yake anayeiweza, kwa kuwa ukoo unamsikiliza yeye. Mama yule wa dukani angeweza kuandika kwenye kundi: "Asanteni kwa dua. Akiwa tayari atawaambia mwenyewe." Baba mkubwa atanuna. Yatapita.

Jioni hiyo isiwe ya mafunzo. Msongo mkubwa hupunguza nguvu ya ile sehemu ya ubongo inayopanga, na kotisoli nyingi humfanya mtu ashindwe kukumbuka hata anachokijua. Hotuba ya "nilikuambia" haimwingii mtu. Wala usimlinganishe na mtoto wa jirani aliyepata wani ya tatu. Mpe chakula, mwache alale, kesho mtaongea. Lakini akisema maneno ya kutaka kufa, au akijifungia, hali na haongei na mtu, hilo si la kungoja kesho: usimwache peke yake, na mpelekeni hospitali.

Kumrudishia usukani

Kesho inapofika, jambo la kwanza ni kuisoma karatasi vizuri, kwa sababu pointi za kidato cha sita zinasomwa kwa njia mbili zinazopingana, na familia nyingi hupotelea hapo. Katika daraja la NECTA, A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5. Pointi chache ndiyo sifa: 3 hadi 9 ni daraja la kwanza. Kwenye vigezo vya udahili vya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hesabu inageuka: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Huko pointi nyingi ndizo zinazotakiwa, na kiwango cha chini cha jumla ni 4 kwa masomo mawili ya tahasusi yanayohusika na kozi.

Mchukue kijana wa PCB mwenye D ya Fizikia, D ya Kemia na E ya Baiolojia. NECTA inamwandikia pointi 13, daraja la tatu. Nyumbani watu wanashika tama. Lakini D mbili kwa hesabu ya TCU ni pointi 4. Kozi zenye ushindani zina masharti yao makali, ila mlango wa shahada haujafungwa. Aliyekosa pointi hizo naye ana njia: anaweza kurisiti kama mtahiniwa wa kujitegemea, au kusoma stashahada na kuingilia shahada kwa ufaulu mzuri wa huko. Kijana akiyaona haya kwa penseli na karatasi, jiwe linafunuliwa. Hata kama nyoka yupo, sasa anaonekana.

Jambo la pili ni kugawana kazi. Nyaraka ni za mzazi, uamuzi ni wa kijana. Cheti cha kuzaliwa kinachotakiwa na Bodi ya Mikopo huhakikiwa na wakala wa usajili, RITA, au kwa Zanzibar na wakala wao wa matukio ya kijamii. Hakingoji matokeo, kwa hiyo mzazi akishughulikie mapema. Sahihi ya mdhamini, muhuri wa serikali ya mtaa, kamishna wa viapo: huko ndiko nguo za kanisani na heshima ya mtu mzima zinakofaa kazi. Na mkiomba chuo steshenari, hakikisheni namba ya simu na barua pepe ni zenu, wala nywila haibaki kwenye daftari la kijana wa kaunta. Mwombaji aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hutumiwa namba ya siri ya kuthibitisha kimoja. Ikienda kwenye simu ya mtu mwingine, nafasi inaweza kumponyoka.

Kuchagua kozi ni jambo jingine. Kou Murayama na wenzake waliwafuatilia wanafunzi 3,530 wa Bavaria, Ujerumani, pamoja na wazazi wao, kuanzia mwaka 2002 hadi 2007. Mzazi mwenye matumaini makubwa alimsaidia mtoto kupanda katika hisabati. Ila pale matumaini yalipozidi kile ambacho mzazi mwenyewe aliamini mtoto anakiweza, alama zilishuka. Na katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, Holly Schiffrin na wenzake waliwahoji wanachuo 297 wa Marekani: waliosema wazazi wao wanawapangia kila kitu ndio pia waliokuwa na dalili zaidi za sonona na kuridhika kidogo na maisha. Utafiti wa kuhoji hauthibitishi kipi kimeleta kipi, lakini unaendana na lile la maabara: asiye na usukani, mwili wake haushuki kutoka kwenye tahadhari.

Mzazi ana haki ya kusema ada anayoiweza, na ukweli kwamba mkopo unaweza usitoke wote. Hayo ni mipaka ya barabara, na kijana anastahili kuyajua kabla hajachagua. Kushika usukani kwa niaba yake ndiko kunakodhuru, maana miaka mitatu ya ualimu au mitano ya udaktari ataisoma yeye, usiku, mbali na wewe.

Kwa hiyo Julai ijayo, kundi la ukoo likiamka na baba mkubwa akaomba namba, ukumbuke kwamba namba ile si yako. Usiitume. Funga duka mapema, mtafute mwanao kwa simu, na asikie sauti yako kabla ya ya mtu mwingine yeyote.