Ini Likishachomwa, Picha ya Pili ni ya Nini?

 

Tuseme baba mkwe wako alikuwa na uvimbe wa saratani kwenye ini, na huko Nairobi madaktari wakauchoma kwa joto badala ya kumpasua. Sasa yuko nyumbani Karatina, anakula, anatembea hadi shambani. Kadi yake inasema arudi baada ya mwezi mmoja kupigwa picha ya CT. Jamaa wanaketi kuhesabu nauli na gharama, na mmoja anauliza, "Si amepona? Picha ya nini tena?" Leo nataka ujue la kumjibu.

Kuchoma ni hivi. Daktari hupitisha sindano ndefu kwenye ngozi hadi ndani ya uvimbe, na ncha yake hutoa joto. Nyama ya mwili ikifika nyuzi 60 hufa karibu papo hapo. Njia hii hufaa zaidi uvimbe mdogo, usiozidi sentimita 3.

Mama, ukimenya waru iliyooza upande mmoja, hukati penye weusi tu. Unakata na sehemu nzuri kidogo, maana uozo huwa umetangulia macho yako. Daktari naye hutaka kuchoma ukingo wa ini zuri kuzunguka uvimbe, angalau milimita 5, na 10 ni bora. Shida ni kwamba joto hutoa mapovu ya mvuke yanayoziba picha ya ultrasound, kama mvuke wa sufuria ya githeri unavyokuzuia kuona ndani. Tena uvimbe ukiwa karibu na mshipa mkubwa, damu inayopita huondoa joto, kama jiko lililowekwa penye upepo. Kipande kinaweza kubaki hai, na mgonjwa asisikie chochote.

Hapo ndipo programu ya kompyuta husaidia. Huchukua picha ya kabla na ya baada, ikazilaza moja juu ya nyingine kama fundi wa nguo anavyolaza karatasi ya kipimo juu ya kitambaa. Kisha hupima kama sehemu iliyochomwa imefunika uvimbe wote, na ukingo ni kiasi gani kila upande. Si kazi rahisi, kwa kuwa ini husogea mtu akipumua, na sehemu iliyochomwa hujikunja. Kwa hiyo kompyuta hupima, lakini mwenye kuamua ni daktari wa picha.

Yeye huangalia pia dawa ya rangi inayodungwa mshipani. Uvimbe hai huinywa na kung'aa. Uliokufa hubaki mweusi. Wiki za kwanza utepe mwembamba unaong'aa huweza kuzunguka jeraha, na mara nyingi ni jeraha linalopona tu. Ndiyo sababu moja ya kungoja mwezi. Kipande kikionekana kingali kidogo, mara nyingi kinaweza kuchomwa tena. Kikiachwa mwaka mzima, huenda nafasi hiyo ikapotea.

Wengi hubeba karatasi ya ripoti na kuacha diski nyumbani. Programu haiwezi kulaza karatasi! Ukienda hospitali ya rufaa ya Nyeri, Embu au kurudi Nairobi, beba diski ya picha za kwanza. Kabla ya dawa ya rangi, waambie kama mgonjwa ana shida ya figo, anatumia dawa za kisukari, au aliwahi kudhurika na dawa hiyo. Kuhusu malipo, uliza SHA mapema, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024.

Homa ndogo na uchovu siku chache baada ya kuchomwa ni kawaida. Lakini akitetemeka kwa baridi, homa ikidumu, tumbo likizidi kuuma au macho yakiwa manjano, usingoje tarehe ya kadi. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Na huyo mtoto uliyembeba mgongoni? Chanjo ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ina kinga ya hepatitisi B, ugonjwa unaoweza kuleta saratani ya ini. Kenya imeitoa kwa watoto wachanga tangu 2001. Angalia kijitabu chake leo jioni.