Mgeni wa Nairobi: Yapi Kweli, Yapi Uongo?

Panda matatu namba 6 au 9 kutoka katikati ya jiji, ushuke Eastleigh, mtaa ambao wenyeji wa Nairobi wanauita Islii. Ukitembea dakika tano tu utasikia Kisomali, Kioromo, Kikuyu, Kimeru na Kiswahili cha Bukavu. Jioni, ukirudi kwa matatu hiyo hiyo, utasikia pia yanayosemwa juu ya watu uliowaacha nyuma. Nimeyasikia miaka mingi, na yananiuma, kwa sababu mengi yanarudiwa na watu wema ambao hawajawahi kuyapima. Nimeyapima hapa. Mengine yana ukweli ndani yake, na huo nao nitausema.

"Mkimbizi mahali pake ni kambini. Aliye mjini ametoroka."

Uongo. Ni kweli wengi wako Dadaab, iliyofunguliwa mwaka 1991, na Kakuma, iliyofuata mwaka 1992. Lakini zaidi ya 80,000 wameandikishwa Nairobi kwenyewe, wana karatasi zao, na serikali inajua wapo. Mwishoni mwa mwaka 2012 serikali iliamuru wakimbizi wote wa mijini wahamishiwe kambini. Shirika la Kituo Cha Sheria lilikwenda mahakamani, na Julai 2013 Jaji David Majanja wa Mahakama Kuu akaifuta amri hiyo. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 bado inazungumzia maeneo maalumu ya kuishi, na kuna wanaokamatwa kwa kuonekana nje yake. Hata hivyo kumwita mtoro mama aliyeandikishwa jijini, mwenye watoto darasani, ni kumsingizia.

"Islii wote ni wageni."

Uongo, na huu ndio unaozaa mwingine mwingi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya wa kabila la Kisomali zaidi ya milioni 2.7. Ni raia kama Mkamba au Mluo, na wafanyabiashara wa Kisomali walikuwa Nairobi tangu enzi ya mkoloni. Huwezi kumtazama mtu usoni ukajua alizaliwa Wajir au Kismayu. Askari anayedai kujua kwa kutazama atamkamata raia leo, na kesho atamkamata tena.

"Wanatunyang'anya kazi."

Uongo. Hapa nataka tukae kidogo, kwa maana ndipo hasira ilipo.

Baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, waliokimbilia Nairobi walipanga vyumba katika nyumba ya wageni iliyoitwa Garissa Lodge. Mchana mlango ulifunguliwa, nguo zikatandazwa kitandani, chumba kikawa duka. Usiku bidhaa ziliingia chini ya kitanda na mwenye duka akalala juu yake. Vyumba vile vikageuka jengo la maduka, na majengo mengine yakafuata hadi mtaa mzima ukawa soko linalowaleta wanunuzi kutoka Uganda, Tanzania na Kongo. Sasa jiulize, nani anasukuma mkokoteni wenye marobota? Nani anashona, anapika, anauza chai, anaendesha matatu namba 6? Mkulima wa miraa wa Meru, ambaye huenda hajawahi kukanyaga Nairobi, anakula kwa sababu mzigo wake hupata mnunuzi Islii siku hiyo hiyo ulipokatwa.

Kampala walikwenda mbali zaidi ya kuuliza, wakahesabu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitoa matokeo yao mwaka 2014: katika kila wakimbizi 100 wa jiji hilo, 21 walikuwa na biashara iliyoajiri mtu mwingine, na kati ya walioajiriwa asilimia 40 walikuwa Waganda. Tofauti ni kwamba sheria ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kwenda atakako.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tunaipenda sehemu ya mwanzo. Sheria yetu ya mwaka 2021 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi au biashara, lakini kibali chenyewe husubiriwa miezi na miezi, na benki au mwajiri huitazama kadi ya mkimbizi kana kwamba ni ya bandia. Kisha tunamlaumu kwa kushika kazi ya kujificha kwa ujira mdogo. Kama kuna Mkenya anayeshushiwa malipo kwa ajili ya mgeni, mgeni asiye na kibali ndiye anayetumiwa kuyashusha. Mpe kibali, naye atadai malipo sawa na wewe.

"Wamepandisha kodi za nyumba."

Kweli, kwa kiasi, na haifai kumzomea anayesema hivyo. Islii ni kati ya mitaa ya Nairobi ambako kupata kibanda cha duka kunagharimu sana. Juu ya kodi ya mwezi kuna fedha ya gudwili, inayolipwa kabla ya kupewa ufunguo. Wako wachuuzi Wakenya walioshindwa nayo wakasukumwa nje, na wako wapangaji waliohamia mbali zaidi. Lakini wenye majengo ni pamoja na Wakenya wa makabila mbalimbali, na wao ndio wanaochukua kodi. Nyumba zinakuwa ghali kwa sababu wanaozitaka ni wengi na zinazojengwa kwa watu wa kipato cha chini ni chache. Mkongo aliyepanga chumba kimoja Kayole au Githurai anaumizwa na kodi ile ile inayomuumiza jirani yake.

"Wakiwepo wao, usalama hakuna."

Uongo. Aprili 2014, baada ya mashambulizi kadhaa, operesheni ya Usalama Watch iliwakusanya maelfu ya watu, wengi wao kutoka Islii, na wengine wakazuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Mwaka mmoja baadaye, Aprili 2015, wanafunzi waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Mmoja wa wauaji alikuwa Mkenya, mhitimu wa sheria, mtoto wa chifu. Aliyeongoza shambulio la hoteli ya DusitD2 Januari 2019 naye alikuwa Mkenya.

Sisemi mgeni hawezi kufanya uovu. Ninachosema ni kwamba msako wa mtaa mzima haukulizuia shambulio la Garissa, na uliwafundisha watu wa mtaa ule kumwogopa polisi. Mtu anayemwogopa polisi hapigi simu anapoona jambo la kutia shaka kwa jirani.

"Kiswahili kinatosha kutuunganisha."

Nusu kweli. Ni baraka kubwa tuliyo nayo: Mkongo wa Bukavu na Mrundi anayeuza njugu barabarani wanaweza kujadiliana bei na mama mboga siku ya kwanza. Hata hivyo lugha hiyo hiyo huwasaliti. Akisema "batu" badala ya "watu", au "aksanti" badala ya "asante", kila mtu kwenye foleni amejua si wa hapa, na bei inaweza kupanda papo hapo. Mama wa Kieritrea anayezungumza Kitigrinya hana hata hicho. Akifika kliniki ya wajawazito humtegemea mwanawe wa miaka tisa amtafsirie mambo ambayo mtoto hapaswi kuyasikia. Mkalimani katika zahanati za mitaa hii ni hitaji la matibabu sawa na kipima presha.

"Nairobi ilikuwa yetu, wao wameikuta."

Mji huu ulianza mwaka 1899 kama kituo cha reli iliyojengwa kwa nguvu za vibarua zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi. Mtaa wa Kibra ulikaliwa na Wanubi, askari wa mkoloni wenye asili ya Sudan, na wao ndio walioupa jina hilo lenye maana ya msitu. Walikaa zaidi ya miaka 100 wakiitwa wageni, na hati miliki ya ardhi ya jamii yao ilitolewa Juni 2017. Kwa hiyo ni uongo, na uongo uliowagharimu vizazi vinne au vitano.

"Mambo ya wageni ni ya serikali kuu. Kaunti haina la kufanya."

Uongo, na huu ndio unaonikera kuliko yote, kwa kuwa husemwa na wale wanaoweza kufanya kitu.

Mipaka, vibali vya kazi na hadhi ya ukimbizi ni vya serikali kuu, sawa. Lakini Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti zahanati na vituo vya afya, masoko, leseni za biashara, shule za chekechea, na maji. Mgeni akishavuka mpaka, hukutana na serikali kwenye dirisha la karani. Karani akiikataa kadi ya mkimbizi, muuza vitenge hana leseni. Asipokuwa na leseni, kila asubuhi ni kukimbizana na kanjo, yaani askari wa kaunti, na kila jioni sehemu ya faida imeishia mfukoni mwa mtu ambaye hatoi risiti. Kaunti nayo imekosa ada ambayo angelipa kwa hiari. Mtoto asipoandikishwa chekechea atafika darasa la kwanza bila msingi, na hapo ndipo pengo lisilozibika linapoanzia.

Miji mingine haikusubiri. New York ilianza mwaka 2015 kutoa kitambulisho cha mji kwa kila mkazi bila kujali hali yake ya uhamiaji. São Paulo ilipitisha mwaka 2016 sheria yake yenyewe kuhusu wahamiaji, kabla ya nchi ya Brazili kuibadilisha sheria yake ya taifa. Nairobi haihitaji kuanza na makubwa hivyo. Waraka mmoja wa kaunti, unaowaambia makarani wa leseni na zahanati kuwa kadi ya mkimbizi iliyotolewa na serikali ya Kenya ni kitambulisho halali, ungewafikia watu wengi kuliko makongamano kumi ya hotelini.

Kila mwaka, kabla ya bajeti ya kaunti kupitishwa mwishoni mwa Juni, wananchi huitwa kutoa maoni. Kikao cha wadi yako kikitangazwa, nenda. Uliza mambo mawili mbele ya mwakilishi wako: dirisha la leseni linaikubali kadi ya mkimbizi? Na zahanati yetu itapata mkalimani lini? Usikubali kujibiwa kwamba hayo ni ya serikali kuu.