TUMTAMBUE KINENGENENGE, TUSIMPIGE MANATI



Katika miembe na miavoka ya Kinindo, karibu na ziwa Tanganyika, hupita kundi la ndege wadogo sana wa rangi ya manjano. Wengi wetu tukitoka kazini tunalima lengalenga na maharage nyuma ya nyumba, na watoto wetu huwapiga ndege hao kwa manati wakidhani ni wezi wa nafaka. Wezi sio hao.

Ndege huyu ni kinengenenge. Tumtambue kwa alama nne.

Kwanza, jicho. Limezungukwa na duara nyeupe, kama mtu aliyevaa miwani.

Pili, umbo. Urefu wake ni sentimita 11 hivi, na uzito wake gramu 10 hivi. Mgongo ni wa kijani chenye manjano, tumbo ni la manjano.

Tatu, mdomo. Ni mfupi, mwembamba, wenye ncha. Kwera, ambaye hula nafaka, ana mdomo mnene wa kupasulia mbegu. Chozi ana mdomo mrefu uliopinda. Tusiwachanganye.

Nne, mwendo. Isipokuwa wakati wa kuzaa, wanakwenda kwa kundi, pengine kumi, pengine ishirini. Wanaitana kwa sauti nyembamba bila kukoma, asipotee hata mmoja. Wanapekua jani kwa jani, mara nyingine kichwa chini, kisha wanahamia mti wa pili.

Wanatafuta nini? Vidukari, viwavi wadogo na buibui. Hunywa pia maji matamu ya maua na kudonoa matunda laini. Lakini mdomo ule hauwezi kupasua mtama.

Wenzetu wa mashambani wanajua uzito wa pampu ya dawa, na jinsi dawa inavyomwingia mpulizaji kifuani. Hatusemi kinengenenge atamaliza wadudu wote. Tunasema anawapunguza, wala hadai mshahara.

Basi tufanye mambo mawili. Tuwaonyeshe watoto ile miwani nyeupe, waweke manati chini. Na kabla ya kukata matawi, tutazame kwenye panda: kiota chake ni kikombe kidogo cha nyasi laini kilichofungwa kwa utando wa buibui. Tukikiona, tawi lile libaki mpaka makinda waruke.