Sekunde mbili za gita zilizoibadili biashara ya gangsta rap

Mwaka 1990 kundi la N.W.A. kutoka Compton, California, lilitoa wimbo uitwao "100 Miles and Runnin'". Nyuma ya sauti za marapa wake husikika mlio mwembamba unaojirudia, mfano wa king'ora cha polisi. Mlio huo haukuwa king'ora, bali gita. Ulinyofolewa kutoka rekodi ya kundi la Funkadelic ya mwaka 1975, kipande cha takriban sekunde mbili tu, kikashushwa sauti na kurudiwarudiwa. Hata shabiki mkubwa wa Funkadelic angeweza kuusikiliza wimbo huo asitambue kilikotoka. Hata hivyo, mwaka 2001 kipande hicho kilifikishwa mbele ya mahakama ya shirikisho mjini Nashville, na hukumu iliyotokana nacho ingali inawasumbua watayarishaji wa muziki hadi leo.

Ili kuielewa kesi hiyo, yafaa kwanza kukumbuka kwamba kila wimbo uliorekodiwa hubeba haki mbili tofauti. Ya kwanza ni haki ya utunzi, yaani maneno na mahadhi, ambayo kwa kawaida husimamiwa na kampuni ya uchapishaji wa muziki. Ya pili ni haki ya rekodi yenyewe, ile sauti iliyonaswa studioni siku fulani, na hiyo aghalabu humilikiwa na kampuni iliyogharimia kurekodi. Anayenyofoa kipande cha sauti huzigusa haki zote mbili, kwa hiyo anahitaji ruhusa mbili, na mara nyingi kutoka kwa watu wawili wasiopatana.

Walalamikaji walikuwa kampuni kadhaa, zikiwamo Bridgeport Music, iliyodai utunzi, na Westbound Records, iliyodai rekodi. Zote mbili ni za mfanyabiashara Armen Boladian wa Michigan. Ziliwasilisha madai takriban 500 dhidi ya washtakiwa wapatao 800, karibu wote wakiwa wa ulimwengu wa rap. Dai hili lilihusu filamu ya mwaka 1998, "I Got the Hook Up", iliyoutumia wimbo wa N.W.A. Kuhusu utunzi, mahakama iliona kwamba leseni ilikuwapo. Ikabaki rekodi.

Jaji wa Nashville aliona kipande chenyewe ni kidogo mno kiasi cha kutostahili kuitwa wizi. Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Sita, yenye makao yake Cincinnati, ilimpinga. Katika hukumu ya mwaka 2004, iliyothibitishwa 2005, majaji walisema kwamba katika rekodi hakuna kipande kidogo kinachosamehewa: atakaye kunyofoa, hata noti moja, sharti apate leseni au aache.

Mtu angedhani kwamba ushindi huo uliwanufaisha wanamuziki wa Funkadelic. Sivyo. George Clinton, kiongozi wa kundi hilo, alibishana na Boladian mahakamani kwa miaka mingi juu ya umiliki wa nyimbo zake, na mwaka 2001 mahakama ya shirikisho huko Florida iliamua kwa manufaa ya Bridgeport. Na aliyelipiga gita lile? Kwa masimulizi ya Clinton mwenyewe, alikuwa kijana mgeni aliyeingia studioni akitafuta fedha za dawa za kulevya, akaomba kupiga kwa dola 25, akapewa 50, akatoweka. Jina lake halimo kwenye jalada la santuri.

Hukumu hiyo iliacha mlango mmoja wazi, nao ni mlango ambao wajuzi wa gangsta rap walikwisha kuutumia. Sheria ya Marekani inaikinga rekodi dhidi ya kunakiliwa, lakini haimkatazi mtu kuingia studioni na kuupiga upya mdundo uleule kwa mikono yake. Atakayefanya hivyo humlipa mwenye utunzi pekee, na mwenye rekodi hapati kitu. Dr. Dre alipoandaa albamu ya "The Chronic" mwaka 1992, kwa sehemu kubwa aliwaita wapiga ala, miongoni mwao mpiga besi Colin Wolfe, waipige upya miziki ya funk ya miaka ya sabini badala ya kuinyofoa. Mwaka mmoja kabla ya hapo, jaji wa New York alikuwa ameizuia albamu ya rapa Biz Markie kwa sababu ya kipande cha wimbo wa Gilbert O'Sullivan, akianza hukumu yake kwa amri ya Biblia inayokataza wizi. Ule mdundo wa polepole wa Los Angeles, ambao wengi wetu tunausifu kama ubunifu mtupu, kwa kiasi fulani ulitokana pia na hesabu za wanasheria.

Nyuma ya pazia, mikataba ya watayarishaji iliuma zaidi kuliko leseni. Ice Cube aliiacha N.W.A. mwishoni mwa 1989 kwa mgogoro wa malipo. Dre naye aliiacha Ruthless Records, akashiriki kuianzisha Death Row, kisha mwaka 1996 akaondoka huko pia na kuliacha fungu lake la umiliki. Kilichomwokoa ni maneno ya mkataba wa kuondoka. Mwaka 2011 jaji wa shirikisho huko Los Angeles aliamua kwamba mkataba huo haukuwapa wamiliki wapya wa Death Row idhini ya kuiuza "The Chronic" kwa njia ya intaneti, hivyo mapato ya mauzo hayo yalikuwa yake.

Katika ukanda wetu, kurap juu ya mdundo wa Mmarekani kulianza zamani. Mwaka 1991 Saleh J wa Dar es Salaam alivuma kwa kuughani kwa Kiswahili wimbo "Ice Ice Baby" wa Vanilla Ice, ambao wenyewe ulichukua besi ya Queen na David Bowie. Wakati ule kaseti haikufika mbali. Leo wimbo ukipandishwa YouTube kutoka studio yoyote ya Bujumbura au Mwanza, mitambo huulinganisha na hazina ya rekodi zilizosajiliwa, na mapato ya matangazo yanaweza kuelekezwa kwa mwenye rekodi bila hakimu yeyote kuketi. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Berne wa hakimiliki mwaka 1993, na Tanzania mwaka 1994, hivyo kudai kwamba wimbo ni wa kigeni si utetezi.

Marekani kwenyewe majaji hawajakubaliana. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa, ambayo mamlaka yake yanaihusu California, ilikataa kufuata hukumu ya Cincinnati ilipoamua kesi ya mlio wa tarumbeta wa sekunde 0.23 katika wimbo "Vogue" wa Madonna. Mahakama ya Juu haijaumaliza ubishi huo, na kwa kuwa muziki huuzwa katika majimbo yote, kampuni nyingi huomba leseni hata kwa kipande kisichotambulika.